Saa Kumi na Sita kutoka Guangzhou

Tobia ndiye aliyemwona wa kwanza, na hilo ndilo lililomponza.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umeilalia Lukozi, alipanda na jembe lake hadi kwenye bwawa la mfereji afungulie maji yaende kwenye viazi vyake. Zamu ilikuwa yake. Alipoinama kung'oa ubao unaozuia maji, aliona kofia nyeupe inaelea, na karibu na kofia, kifudifudi, mzee Sharifu. Tobia alilitupa jembe pale pale akateremka mbio akipiga yowe, na yowe la alfajiri Lukozi halihitaji kurudiwa mara mbili.

Mkaguzi Msaidizi Modesta alipofika kutoka Lushoto saa tatu, akiwa na Koplo Rubeni, kijiji kilikuwa kimeshamaliza kesi. Mshtakiwa alikuwa Tobia, ushahidi ulikuwa jembe, na hukumu ilikuwa usoni kwa kila mtu. Modesta ni mzaliwa wa Rangwi, na kwao pia ndugu wa tumbo moja wanaweza kununiana mwaka mzima kwa sababu ya mfereji. Hata hivyo, alipouona mwili alishtuka, akasahau hata kutoa kalamu. Mzee wa miaka sabini na ushee, kisogo kimepasuka, amekufa kwenye maji yasiyovuka magoti.

"Jana waligombana hapa hapa," Asha alisema. Alikuwa binti wa marehemu, mjane aliyerudi nyumbani kumtunza baba yake, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Watu wote walisikia. Tobia alimwambia baba, 'Ipo siku haya maji yatakutosha!' Sasa si ndiyo yamemtosha, afande? Unatafuta nini kingine?"

"Pole sana, dada yangu. Walikuwa wanagombea nini?"

"Zamu. Baba alichelewa kufunga maji. Na yeye hakuwa na kawaida hiyo, ila jana alikuwa si yeye. Alirudi kutoka Mombo kupeleka kabichi, hakula, hakuongea. Nikamuuliza, 'Baba, unaumwa?' Akasema, 'Siumwi, mwanangu. Nimechoka kuona.' Halafu magharibi ilipokaribia akatoka tena kuja kuutazama ubao. Sikumwona tena. Nilijua amepitiliza msikitini akalala kwa Sheikh, anafanya hivyo siku nyingine."

Modesta alimtafuta Sheikh Kassimu, imamu wa msikiti, mtu wa maneno machache na ndevu nyingi.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, binti yangu. Hakuja kwangu. Jana mchana, akitoka Mombo, alipita tu barazani, akaniomba jambo moja. Alitaka Ijumaa, baada ya sala, nimpe nafasi azungumze na watu. Nikamuuliza la nini, akasema, 'La nyumbani kwangu.'"

"Huenda ni hayo maji?" Rubeni aliuliza.

"Maji nayo ni ya nyumbani kwake," Sheikh alijibu. "Mimi sijui."

Tobia alikuwa amekaa juu ya gogo. Mkewe Secilia alisimama nyuma yake, mkono begani kwake, akiwatazama majirani ambao jana walikuwa wakiazimana chumvi.

"Kaka Tobia, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande. Nilikula, nikalala. Muulize huyu."

"Mke hawezi kuwa shahidi wako peke yake."

"Basi sina mwingine. Lile neno nililisema, silikatai. Hasira. Lakini mzee Sharifu ndiye aliyemchimbia baba yangu kaburi, na mimi nikamchimbia mkewe. Sisi hapa dini mbili, sepetu moja. Nimuue vipi?"

Modesta alimchukua, nusu kwa sababu ya jembe na nusu kwa sababu ya vijana waliokuwa wameanza kuokota mawe. Alimwambia wazi ndani ya gari kwamba mauaji hayana dhamana. Jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka Ijumaa jioni, na likishafika kule, Tobia angeweza kukaa rumande mpaka watoto wake wamsahau sura. Tobia alikuwa analia tu.

Daktari wa Lushoto alimaliza kazi yake mchana huo. Mzee alifariki Jumatatu jioni, kati ya magharibi na isha. Kisogo kilikuwa kimegonga kitu kigumu butu, kiwe jiwe au mgongo wa jembe, asingeweza kuapa.

"Lakini si hicho kilichomuua," alisema huku akivua glovu. "Ana maji mapafuni. Alizirai, akazama. Mtu angemgeuza tu, leo angekuwa anasumbuliwa na kichwa."

Modesta alilibeba neno hilo moyoni likamkaa vibaya.

Huku nyuma, Asha alikuwa anahangaika na simu. Mzee Sharifu alikuwa na watoto wawili tu, na wa pili, Ismaili, ndiye aliyekuwa sifa ya Lukozi nzima. Alikuwa Uchina, mji wa Guangzhou, anafanya biashara ya simu, mwaka wa nne sasa. Asha aliipiga ile namba yake ya Uchina, kwa WhatsApp, tangu asubuhi bila kupokelewa. Ikapokelewa saa kumi jioni. Sheikh Kassimu alikuwapo, wakinamama wa matanga walikuwapo, na wote walimsikia Ismaili akilia kwenye spika.

"Tunazika kesho saa nne asubuhi," Asha alimwambia. "Sheikh anasema maiti asicheleweshwe zaidi. Hutawahi, kaka. Tuombee tu huko huko."

"Nitafika," Ismaili alisema. "Asha, nasema nitafika."

Na akafika. Jumatano, saa mbili kamili asubuhi, saa ya ukutani msikitini ikionekana kupitia mlango uliokuwa wazi, bodaboda ilisimama na Ismaili akashuka, koti zito mwilini, macho mekundu. Modesta alikuwapo, amesimama kando na khanga kichwani, kwa sababu mpelelezi mzuri hakosi mazishi. Aliona watu wazima wakimlilia yule kijana mabegani. Akasikia mtu akisema, "Ndege za siku hizi! Jana jioni Uchina, leo asubuhi Lukozi," na mwingine akajibu kwamba ndiyo faida ya kusafiri usiku. Modesta naye, tuseme ukweli, alitikisa kichwa kwa mshangao kama wengine.

Saa nne, Ismaili alishuka mwenyewe kaburini. Alinyoosha mikono akampokea baba yake, akamlaza kwa upande wa kulia, akamfungua vifundo vya sanda. Wanaume wengi walishindwa kujizuia.

Mchana huo Secilia alikuta viazi vyao vyote vimeng'olewa usiku na kuachwa vikauke juani.

Alhamisi ilianza vibaya. Modesta alikuwa ofisini Lushoto, jalada la Tobia mbele yake, na kila alipolisoma lilikuwa jepesi. Jembe halikuwa na damu. Tena mtu anayeua kwa jembe Jumatatu jioni, je, anarudi nalo Jumanne asubuhi, analitupa pale pale, halafu anaita watu? Na ile safari ya Mombo ilikuwa inamkereketa. Mzee aliona nini kilichomchosha kuona?

"Afande, dereva anayeleta vifaa vyetu bado," Koplo Rubeni alilalamika mlangoni. "Ametoka Dar saa kumi na moja alfajiri, saa hizi ni saa nne na nusu, ndiyo kwanza anaikaribia Korogwe. Mpaka afike hapa, saa sita."

"Kawaida," Modesta alisema, akageuza ukurasa. Halafu mkono ukasimama hewani. "Rubeni. Kutoka Dar mpaka hapa ni mwendo wa saa saba?"

"Na gari la serikali, ndiyo. Saa nane mpaka Lukozi."

"Na kutoka Guangzhou mpaka Dar?"

Rubeni alicheka, akatoa simu yake akatafuta. Kicheko kikaisha polepole. "Kilometa elfu nane na mia saba, afande. Ndege isiyotua popote, kama saa kumi na moja."

Wakatazamana.

"Ngoja kwanza," Rubeni alisema, maana hakutaka kuamini. "Kule wametutangulia saa tano. Ukija huku, saa tano zinarudi. Kwa hiyo ana saa tano za bure."

Hapo hata Modesta alisita. Alisimama dirishani akiwatazama wauza mboga barabarani, akazipigia zile saa tano hesabu mara mbili, tatu. Kisha akageuka.

"Hizo saa za bure ni za mkononi mwake, Rubeni. Akitua, anarudisha mshale nyuma, basi. Sisi hatukuhesabu kwa saa yake. Asha alipiga simu ikiwa saa kumi jioni ya Lukozi. Yeye alishuka kwenye bodaboda saa mbili asubuhi ya Lukozi. Katikati ni saa kumi na sita, atoke Uchina, atoke mwezini."

Rubeni alikaa kitini bila kuombwa.

"Nenda Mombo," Modesta alimwambia. "Chukua ile picha ya Ismaili tuliyopiga mazikoni. Waulize wapagazi wa kabichi mzee Sharifu Jumatatu alionana na nani." Akaongeza, sauti imeshuka, "Na Mungu anisamehe, naomba nimekosea."

Saa kumi na moja jioni simu iliita. Hakuwa amekosea.

Ijumaa, baada ya sala, watu walikusanyika nyumbani kwa marehemu kwa khitma ya siku ya tatu. Modesta alivua viatu mlangoni, akaingia na khanga yake kichwani, akasalimia wazee mmoja mmoja kwa shikamoo. Sheikh Kassimu alikuwa ukutani, Asha karibu na mlango wa ndani pamoja na wakinamama, na Ismaili katikati, mahali pa mwenye msiba. Ilikuwa saa nane. Jalada la Tobia lilikuwa linasubiriwa kwa mwendesha mashtaka saa kumi.

"Poleni tena. Sheikh, naomba ruhusa. Nimebakiza maelezo ya Ismaili tu, na ningependa ayatoe mbele ya wazee wake."

"Yatoe, mwanangu," Sheikh alisema.

"Safari yako ilikuwaje, Ismaili?"

"Ya tabu, afande. Asha alinipigia, nikakimbilia uwanja wa ndege na nguo nilizovaa. Nikabahatisha kiti. Ndege ya moja kwa moja mpaka Dar. Nikakodi teksi mpaka Lushoto, kisha bodaboda."

"Simu ulipokea saa ngapi?"

"Kule ilikuwa saa tatu usiku."

"Huku saa kumi jioni. Sheikh, ni kweli?"

"Kweli. Nilikuwapo."

"Na ulimwona akifika saa ngapi?"

"Saa mbili. Niliitazama saa ya msikitini, kwa sababu nilikuwa nahesabu muda wa kumwosha marehemu."

"Basi ni saa kumi na sita," Modesta alisema. "Ismaili, ndege peke yake inakula kumi na moja. Zinabaki tano. Kutoka Dar mpaka mlangoni hapa ni nane. Umeshapitiliza saa tatu, na bado hujapanga foleni, hujagongewa muhuri, hujashuka hata ngazi ya ndege. Nieleze hapo."

Ismaili alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea kueleza mambo ya mbali kwa watu wa karibu. "Afande, hamjazoea safari hizi. Kule wako mbele saa tano. Ukiruka kuja magharibi unalifuata jua, unazipata saa zako tena. Ndiyo maana."

Wazee wawili watatu waliitikia. Ilisikika kama elimu.

"Hata mimi lilinibabaisha," Modesta alisema. "Lakini saa ya msikiti haikusafiri, Ismaili. Ilibaki ukutani. Kati ya Jumanne jioni na Jumatano asubuhi imezihesabu saa zile zile kumi na sita, jua ulifuate usilifuate. Sheikh, ulipokwenda Makka, saa ya hapa ilikusubiri?"

"Haikunisubiri," Sheikh Kassimu alisema taratibu. "Mwanangu, mwonyeshe pasipoti yako. Mwonyeshe huo muhuri yaishe."

"Nimeiacha… nimeiacha kwenye teksi."

"Njia ya mwongo fupi," Modesta alisema. Akamwita Koplo Rubeni, aliyekuwa amesimama nje.

Rubeni hakusema mengi. Alisema kwamba pale stendi ya Mombo kuna fundi simu anayeitwa Fundi Isma, anayekaa pale mwaka wa tatu sasa. Jumatatu, mzee mmoja mpeleka kabichi alikiacha kiroba begani mwa mpagazi, akavuka barabara, akasimama mbele ya kile kibanda, na fundi akainua kichwa. Mzee aliketi chini, barabarani, kama mtu aliyevunjika miguu. Jioni ile fundi alifunga mapema akapanda bodaboda kwenda milimani. Jumatano alfajiri alipanda nyingine, na dereva aliyembeba alikuwa tayari kuapa.

Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni akausahau huko.

"Si kweli," Asha alisema. "Kaka, waambie. Waambie uko Uchina."

Ismaili alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. "Walinirudisha, Asha. Viza iliisha, wakanikamata, wakanipandisha ndege. Nikafika Mombo nikashindwa kupanda huku milimani. Nikasema wiki ijayo. Nikasema mwezi ujao. Kila nikipiga simu nasikia baba ananisifu sokoni, mwanangu hivi, mwanangu vile. Ningepandaje?"

"Na Jumatatu?" Modesta aliuliza.

"Alisema Ijumaa atasimama mbele ya watu aseme ukweli, hawezi kuendelea kuwadanganya. Nikamfuata jioni kumwomba anipe muda. Nikamkuta bwawani. Akasema hapana. Nikamshika mkono, akajichomoa, nikamsukuma. Wallahi nilimsukuma tu! Akagonga kisogo kwenye jiwe linaloshikilia ule ubao wa maji, akaingia majini."

"Maji ya magoti," Modesta alisema. Hakutaka kulisema lililofuata, lakini ilikuwa haki ya Asha kulijua. "Alikuwa hai, Ismaili. Daktari anasema ungemgeuza tu."

Kilio alichotoa Ismaili hapo hakikuwa cha spika ya simu. "Nilisikia mtu anakohoa njiani. Nikakimbia. Nilidhani huyo angemwona baba."

Sheikh Kassimu ndiye aliyeuliza, na aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

"Ungekaa Mombo siku moja au mbili zaidi, mwanangu. Ungekuja jana, ungekuja leo, hakuna ambaye angehesabu saa zako. Kwa nini ulikuja mapema?"

"Mlisema mnazika saa nne," Ismaili alijibu. "Mimi ndiye mtoto wa kiume. Nani angeshuka kaburini?"

Modesta amefanya kazi hii miaka kumi na nne, na hakumbuki kushtuka namna ile. Kijana alikuwa na uongo wa kilometa elfu nane wa kujificha nyuma yake, akauvunja kwa sababu asingeweza kumwacha baba aliyemuua apokewe na mikono ya wengine. Ikabidi Modesta aangalie sakafu kwa muda ili macho yasimwaibishe.

Asha alisimama. Watu walidhani atampiga. Hakumpiga.

"Unajua kwa nini baba hakukupigia hata siku moja baada ya isha?" alimuuliza. "Nilikuwa nikimwambia, 'Baba, tumpigie kaka.' Ananikataza. 'Kule ni usiku wa manane,' ananiambia, 'mwache mtoto alale.' Miaka mitatu, Ismaili. Na wewe uko Mombo umekaa macho."

Ismaili mwenyewe alimnyooshea Rubeni mikono, kabla hajaombwa.

Saa kumi na dakika chache, Modesta alifungua mlango wa mahabusu Lushoto. Alikuwa amempigia mwendesha mashtaka njiani, na jalada lilikuwa limebadilishwa jina. Tobia alisimama akijipangusa suruali, hajanyoa, amekonda kwa siku tatu kama aliyefunga mwezi.

"Uko huru, kaka Tobia. Secilia yuko nje, na Asha yuko naye. Amekuja kukuomba radhi."

Tobia hakuuliza habari za viazi, wala hakuuliza nani aliyefanya.

"Mzee Sharifu mlimzika vizuri? Mimi sikuchimba."

"Alizikwa vizuri."

"Nani alimpokea kaburini?"

"Mwanawe," Modesta alisema. "Ismaili."

Uso wa Tobia ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Aliwahi? Kutoka kote kule? Mungu ni mkubwa, afande. Hilo ndilo lilikuwa likimtia hofu mzee, kila tukikaa pamoja alilisema, kwamba atakufa Ismaili akiwa mbali."

Akapita mbele kuelekea mlangoni, ananyoosha kola yake ili mkewe asimwone vibaya, na Modesta akabaki na funguo mkononi, akitafuta namna ya kumwambia kabla hajafika nje.